Ondoa, futa, safisha, palilia: jinsi ya kueleza kwa Kiswahili uondoaji wa vitu katika eneo la kazi la R

Mwanafunzi wa takwimu anayejifunza lugha ya programu ya R hukutana mapema na amri ya herufi mbili tu: rm. Amri hiyo huondoa katika kumbukumbu ya kompyuta vitu ambavyo havihitajiki tena. Kuiandika ni rahisi. Kuieleza kwa Kiswahili si rahisi, kwa kuwa lugha yetu ina vitenzi vingi vya kuondoa, na kila kimoja kina mtendwa wake. Mwalimu mmoja husema "futa", mwingine "safisha", wa tatu "toa", na mwanafunzi hubaki akidhani kuwa yote ni mamoja. Makala haya yanaeleza kazi ya amri hiyo, kisha yanapendekeza neno lifaalo kwa kila hatua. Mifano imetolewa katika takwimu za wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara.

Jambo lenyewe

R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka Februari 29, 2000. Mtumiaji akiipa thamani jina, R huiweka thamani hiyo katika kumbukumbu na kuikumbuka kwa jina hilo:

tarime <- 492798

Kuanzia hapo jina tarime linasimama badala ya namba 492798. Jina likiwa limefungwa kwenye namba, jedwali, orodha au fomula, chote hicho katika R huitwa kitu. Mahali vitu hivyo vinapokaa wakati wa kazi ndipo tunapopaita eneo la kazi. Amri ls() huorodhesha majina ya vitu vilivyomo. Amri rm(tarime) huondoa kitu chenye jina hilo.

Kwa nini mtu ajisumbue kuondoa? Sababu inayotajwa sana ni nafasi: jedwali kubwa hula kumbukumbu, na kompyuta ndogo huelemewa. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini si kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni kwamba jina la zamani lililosahaulika huweza kuingia katika hesabu mpya bila kubisha hodi.

Mfano: Tarime mbili

Katika sensa ya mwaka 2002, Wilaya ya Tarime ilikuwa na watu 492,798. Katika sensa ya mwaka 2012, ilikuwa na watu 339,693. Asiyeujua mkoa wa Mara angehitimisha kwamba theluthi moja ya watu walihama au kufariki. Ukweli ni kwamba mwaka 2007 wilaya hiyo iligawanywa, na sehemu yake ikawa Wilaya ya Rorya, ambayo katika sensa ya 2012 ilihesabiwa kuwa na watu 265,241. Tarime na Rorya zikijumlishwa mwaka 2012, tunapata watu 604,934; idadi imeongezeka, haikupungua. Jina ni lile lile, eneo si lile lile.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mtakwimu anataka kujua kiwango cha watu walioumwa na mbwa kwa kila watu 100,000 katika Tarime ya leo, yaani ile isiyo na Rorya. Tuseme walioumwa ni 68. Asubuhi alikuwa akifanya kazi na sensa ya 2002, na mchana akaingiza ya 2012:

tarime <- 492798
Tarime <- 339693
kiwango <- 68 / tarime * 100000

R hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwake, tarime na Tarime ni majina mawili. Mtakwimu alikusudia jina la pili lakini mkono ukaandika la kwanza, na kwa kuwa la kwanza bado lilikuwemo, R haikulalamika. Jibu lililotoka ni 13.8. Jibu sahihi ni 20.0. Laiti angeandika rm(tarime) kabla ya kuingiza sensa mpya, mstari wa tatu ungekwama, na R ingetangaza kwamba kitu hicho hakipo. Angekasirika kidogo, angesahihisha herufi moja, na kazi ingeendelea.

Hapa ndipo penye maana ya kusafisha eneo la kazi. Kosa linalopiga kelele husahihishwa siku ile ile. Kosa lililonyamaza husafiri hadi kwenye ripoti. Na ripoti ya aina hii si mchezo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara; kinga ni kuosha jeraha na kupata chanjo mapema baada ya kuumwa. Katika Wilaya ya Serengeti, jirani na Tarime, watafiti walifuatilia maambukizi ya ugonjwa huo kuanzia mwaka 2002 hadi 2016 katika eneo lenye mbwa wapatao 50,000, na matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 2022. Kazi kama hiyo huanza na kumbukumbu za watu walioumwa, kisha mtafiti huenda kijijini kuuliza mbwa alitoka wapi na alimuuma nani mwingine. Kiwango cha 13.8 mahali pa 20.0 ni tofauti ya karibu theluthi. Anayepanga mahitaji ya chanjo kwa namba hiyo atapanga pungufu.

Vitenzi vitano na watendwa wao

Ili kuchagua kitenzi sahihi, tusiulize tu "kina maana gani?" Tuulize pia "kinamtenda nani?" Yaani, nomino inayofuata kitenzi ni kile kinachoondoka, ni mahali, au ni kile kinachobaki?

*Ondoa.* Kitenzi hiki ni jozi ya ondoka, kama vile bomoa na bomoka, au ng'oa na ng'oka. Mtendwa wake ni kitu kinachoondoka: ondoa kiti, ondoa mawe njiani. Kitenzi hakisemi kitu hicho kimepelekwa wapi wala kimekuwaje baadaye. Kinasema tu kwamba hakipo tena hapa. Hiyo ndiyo kazi hasa ya rm. Kwa hiyo:

rm(tarime): "ondoa kitu tarime katika eneo la kazi".

*Futa.* Mtendwa wake pia ni kile kinachoondoka, au uso kilipokuwa: futa machozi, futa vumbi, futa ubao. Lakini futa hubeba wazo la kumaliza alama yote isibaki, ndiyo maana husemwa futa deni, futa kesi, futa sheria. Kilichofutwa hakirudi. Tunapendekeza kitenzi hiki kitengwe kwa ajili ya faili zilizo kwenye diski. Ukiondoa jedwali katika eneo la kazi la R, faili ulikolisoma halijaguswa. Unaweza kulisoma tena. Ukifuta faili, umepoteza chanzo chenyewe. Mwalimu anayetumia "futa" kwa mambo yote mawili huwatia wanafunzi hofu pasipo sababu, au, vibaya zaidi, huwaondolea hofu pale inapostahili.

*Safisha.* Kitenzi hiki kimetokana na safi, neno lenye asili ya Kiarabu, pamoja na kiambishi cha kusababisha. Mtendwa wake ni mahali au chombo: safisha chumba, safisha vyombo. Hatuwi makini tunaposema "safisha vitu visivyohitajika", kwa kuwa maana yake ni kuvifanya vitu hivyo viwe safi, navyo vibaki pale pale. Semeni "safisha eneo la kazi" au "ondoa vitu visivyohitajika". Mkanganyiko unaongezeka katika takwimu, kwa sababu "kusafisha data" ni istilahi nyingine kabisa: kusahihisha makosa ya uandishi, kujaza au kutia alama mapengo, kuondoa safu zilizojirudia. Anayesafisha data hurekebisha kilichomo ndani ya jedwali; anayesafisha eneo la kazi huamua ni majedwali gani yabaki.

*Fyeka.* Mtendwa wake ni msitu, vichaka au nyasi: kila kilicho mbele ya panga hulala chini. Kitenzi hiki kinaeleza vizuri amri hii:

rm(list = ls())

yaani "ondoa kila jina lililo katika orodha". Na sifa ya kufyeka ni kwamba mizizi hubaki ardhini. Tutalirudia jambo hilo hapa chini, kwa kuwa ndilo linalosahaulika.

*Palilia.* Hiki ndicho chenye funzo kuliko vyote. Mkulima husema "ninapalilia mahindi", ilhali mahindi hayang'olewi. Kinachong'olewa ni magugu. Mtendwa wa palilia ni kile kinachobaki. Umbo la kitenzi lina kiambishi cha kutendea: kazi inafanywa kwa faida ya mmea. Na hii ndiyo hasa mantiki ya amri ifuatayo, ambamo tunataja vitu vya kubaki na kuviacha vingine viende:

rm(list = setdiff(ls(), c("Tarime", "serengeti")))

Kwa maneno: "chukua majina yote, toa Tarime na serengeti katika orodha hiyo, kisha ondoa yaliyosalia". Wanafunzi wengi huiona amri hii kuwa ngumu kwa sababu walifundishwa kufikiria kinachoondoka, hali yenyewe inataja kinachobaki. Mwalimu aseme tu: "Hapa tunapalilia Tarime na serengeti." Tumeona kuwa kueleweka huwa kwepesi zaidi.

Mkulima wa ulezi ana tahadhari ya kumwongezea mtakwimu. Ulezi ukiwa mchanga hufanana sana na magugu ya jamii yake, na mpaliliaji mgeni hung'oa chakula akaacha magugu. Vivyo hivyo katika R kuna uondoaji kwa kufanana kwa majina:

rm(list = ls(pattern = "^mb"))

Amri hii huondoa kila kitu ambacho jina lake linaanza na "mb". Aliyekusudia kuondoa mbuzi na mbogo atakuta mbwa naye ameondoka, na mbwa ndiye aliyekuwa kiini cha utafiti. Kabla ya kuondoa kwa namna hiyo, mtumiaji aandike kwanza ls(pattern = "^mb") peke yake, asome majina yatakayotoka, ndipo aendelee. R haina amri ya kurudisha kilichoondolewa.

Nomino zenye mitego

*Eneo la kazi, si "nafasi ya kazi".* Wapo wafasiri waliochagua "nafasi ya kazi" kwa mahali vitu vya R vinapokaa. Uteuzi huo haufai. Kwa msomaji wa Kiswahili, nafasi ya kazi ni ajira iliyo wazi. Ndiyo maneno yanayoandikwa juu ya matangazo ya ajira magazetini na kwenye mbao za ofisi za halmashauri. Sentensi "ondoa nafasi za kazi zisizohitajika" itasomeka kama agizo la kupunguza watumishi. Eneo la kazi, ingawa nalo lina maana ya mahali watu wanapofanyia kazi, halina mgongano huo.

*Kitu au kiolwa.* Neno kiolwa, kutokana na ola kwa maana ya tazama, limetumika katika fizikia kwa kitu kinachotazamwa kupitia kioo au lenzi. Baadhi ya waandishi wamelihamishia kwenye programu. Halina kosa, lakini katika R kitu hakitazamwi tu. Huhesabiwa, hubadilishwa na huondolewa. Kwa matumizi ya darasani tunapendekeza kitu, wingi vitu, kwa sababu kila mwanafunzi analijua na upatanisho wake haumsumbui mtu: kitu hiki kimeondolewa, vitu hivi vimebaki.

*Kumbukumbu.* Hapa tahadhari ni kubwa. Kumbukumbu ni uwezo wa kompyuta wa kuhifadhi thamani wakati wa kazi, lakini pia ni maandishi ya yaliyotukia: kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za wagonjwa. Mwongozo unaomwambia mtunza takwimu wa kituo cha afya "futa kumbukumbu ili kompyuta iwe nyepesi" unaweza kueleweka kama ruhusa ya kuteketeza rejesta ya wagonjwa. Tumia badala yake "punguza mzigo wa kumbukumbu ya kompyuta" au "achilia nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta". Maneno mawili ya ziada ni gharama ndogo.

*Uzoaji taka.* R ina kazi ya ndani ambayo huitwa kwa amri gc(). Hukusanya nafasi zilizoshikwa na thamani zisizo na jina tena, na kuzirudisha zitumike upya. Kiswahili cha mitaani tayari kina neno: kuzoa taka, kazi inayofanywa na gari la halmashauri. Uzoaji taka basi ni istilahi inayofaa. R huzoa yenyewe inapohitaji, na ni nadra mtumiaji kulazimika kuiagiza. Tofauti ya kukumbuka ni kwamba rm huondoa jina, wala si lazima iondoe thamani. Tazama:

sensa <- c(339693, 265241)
nakala <- sensa
rm(sensa)

Baada ya amri ya tatu, jina sensa halipo, lakini thamani bado ipo kwa sababu jina nakala limeishika. Uzoaji hautaigusa. Anayelalamika kwamba ameondoa vitu vikubwa na kompyuta bado nzito aangalie kwanza kama hakuacha jina la pili.

Mizizi inayobaki baada ya kufyeka

Walimu wengi huanza kila skripti kwa rm(list = ls()), wakiamini kwamba sasa wako kwenye uwanja mtupu. Sivyo. Amri hiyo haiondoi vitu ambavyo majina yao yanaanza na nukta, hivyo huonekana tu kwa ls(all.names = TRUE). Haiondoi vifurushi vilivyokwisha kupakiwa. Hairudishi mipangilio iliyobadilishwa, kama vile idadi ya tarakimu zinazoonyeshwa. Skripti inaweza kufanya kazi leo kwa sababu ya kifurushi kilichopakiwa jana, kisha ikakataa kwenye kompyuta ya mwenzako Mugumu au Musoma.

Kuna ubaya wa pili, nao ni wa adabu. Skripti yenye mstari huo ikipelekwa kwa mwingine, naye akaiendesha katikati ya kazi yake, itamwondolea vitu vyake vyote bila kumwuliza. Ni sawa na kuingia shamba la jirani na panga kwa kuwa kwako unazoea kufyeka.

Njia iliyo bora ni kufunga R na kuifungua upya, kisha kuendesha skripti kutoka mstari wa kwanza. Lakini hapo pana mlango mmoja wa kufunga. R inapofungwa huuliza kama ihifadhi eneo la kazi. Ukikubali, huandika faili liitwalo .RData, na ukiifungua tena katika folda ile ile vitu vyote hurudi, pamoja na tarime ya mwaka 2002 uliyoisahau. Jibu linalopendekezwa ni kukataa, au kufunga kwa amri hii:

q(save = "no")

Anayekataa hapotezi kitu ikiwa skripti yake inaeleza kila hatua tangu kusoma faili hadi matokeo. Kinachostahili kuhifadhiwa ni data ya awali na skripti. Vitu vya katikati huzaliwa upya kila skripti inapoendeshwa.

Makosa ya kawaida na masahihisho

Si vizuri: Safisha vitu visivyotumika.
Vizuri: Ondoa vitu visivyotumika. Au: Safisha eneo la kazi.

Si vizuri: Futa jedwali la serengeti kwa rm(serengeti).
Vizuri: Ondoa jedwali la serengeti katika eneo la kazi kwa rm(serengeti), faili lake litabaki kwenye diski.

Si vizuri: rm(list = ls()) hurudisha R katika hali yake ya mwanzo.
Vizuri: rm(list = ls()) huondoa vitu vyenye majina ya kawaida tu; ili kurudisha hali ya mwanzo, fungua R upya.

Si vizuri: R imetoa kosa kwa kuwa kitu cha kuondolewa hakipo.
Vizuri: R imetoa onyo kwa kuwa kitu cha kuondolewa hakipo. (Onyo haliisimamishi kazi, kosa huisimamisha amri iliyohusika. Kutumia rm kwa jina lisilokuwepo huleta onyo.)

Muhtasari kwa mfasiri na mwalimu

Kwa kitu kimoja kimoja, tumia ondoa. Kwa faili kwenye diski, tumia futa. Kwa eneo zima, tumia safisha, na kwa amri inayoondoa vyote bila kuchagua, fyeka ni taswira sahihi. Pale amri inapotaja vya kubaki, tumia palilia. Kwa kazi ya ndani ya R ya kurudisha nafasi, tumia zoa taka. Na kabla ya lolote kati ya hayo, orodhesha kwa ls() na usome majina: ikiwa hukumbuki kama Tarime iliyomo ni ile yenye Rorya au isiyo na Rorya, jina hilo halikupaswa kubaki peke yake. Liite tarime_2002 au tarime_2012, nalo litajieleza hata kwa atakayeikuta kazi hiyo baada yako.

Tazama pia: fagia, komba, ng'oa, teketeza, toa, tupa.